Don wa 1978, Don wa 2006: Mtoto alipoiandika upya hadithi ya baba

Mwaka 1972 Nariman Irani alitoa filamu iliyoitwa Zindagi Zindagi, Sunil Dutt akiwa steringi, na filamu hiyo ikaanguka vibaya. Irani alikuwa mpigapicha wa filamu aliyeheshimika Bombay, lakini hakuwa tajiri. Deni alilobaki nalo lilikuwa rupia laki 12, na ujira wa mpigapicha haukuwa wa kulipia deni la namna hiyo.

Waliomshika mkono ni wenzake wa kazini. Wakati huo alikuwa anapiga picha za Roti Kapada Aur Makaan, filamu ya Manoj Kumar iliyotoka 1974. Amitabh Bachchan na Zeenat Aman walikuwa wakiigiza humo, na Chandra Barot alikuwa msaidizi wa mwongozaji. Barot huyu ni mtoto wa huku kwetu. Alizaliwa Tanganyika mwaka 1939, akafanya kazi Benki ya Barclays jijini Dar es Salaam, kisha miaka ya sitini akahamia Bombay, ambako dada yake, Kamal Barot, alikuwa tayari ni mwimbaji wa nyimbo za filamu. Marafiki hao walimshauri Irani atengeneze filamu nyingine: wao wataigiza, Barot ataongoza, faida italipa deni.

Hadithi waliipata kwa Salim Khan na Javed Akhtar, wale waandishi wawili ambao mwaka 1975 peke yake walitoa Deewaar na Sholay. Walikuwa na muswada uliokosa mnunuzi. Dev Anand aliukataa, Dharmendra akaukataa, Jeetendra naye vilevile. Haukuwa hata na jina. Watu waliutaja tu kama ule muswada wa Don. Jina hilo lilipobakishwa, wafanyabiashara wa filamu hawakulipenda, maana sokoni India kulikuwa na fulana za ndani zenye jina la Dawn, na masikioni mwa mnunuzi wa tiketi majina hayo mawili hayakutofautiana.

Kazi ilichukua zaidi ya miaka mitatu, ikisimama na kuanza kwa kadiri fedha zilivyopatikana. Kisha Irani akafariki kwa ajali, akiwa kazini kwenye filamu nyingine, kabla Don haijakamilika. Hapo wengi wangekunja mkeka. Barot na wenzake waliendelea, safari hii kwa ajili ya mjane wake, Salma.

Ilipokaribia kwisha, Barot alimwonyesha Manoj Kumar, mwalimu wake. Manoj akamwambia nusu ya pili inakimbia mno, mtazamaji hapati nafasi ya kupumua, atie wimbo. Kalyanji na Anandji, watunzi wa muziki wa filamu hiyo, walikuwa na wimbo waliowahi kumtungia Dev Anand ukakataliwa. Ndio ule wa mtafuna tambuu wa Banaras. Kishore Kumar aliuimba huku akitafuna tambuu kweli studioni, na Amitabh aliucheza kwa hatua ambazo mwenyewe amesema aliziiga kwa mwanawe mdogo, Abhishek, alivyokuwa akirukaruka nyumbani.

Don ilitoka tarehe 12 Mei 1978 bila matangazo ya maana, na wiki ya kwanza ikahesabiwa kuwa imeanguka. Wiki ya pili wimbo wa tambuu ulikuwa mitaani, na kumbi zikajaa. Deni la Irani likalipwa. Amitabh alipopata tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora kwa filamu hii, aliitoa kwa heshima ya Salma Irani. Kishore Kumar na Asha Bhosle nao walishinda tuzo za uimbaji kwa nyimbo za humo humo.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu naamini yanaonekana ndani ya picha yenyewe. Don ya 1978 ni filamu ya mtu anayebeba mzigo usio wake. Don ni jambazi mkuu anayesakwa na polisi wa nchi 11. Anajeruhiwa akikimbizwa na anafia mikononi mwa DSP D'Silva, afisa anayeamua kuficha kifo hicho. D'Silva anamzika kimya kimya, kisha anamtafuta Vijay, masikini anayejipatia riziki kwa kuimba na kucheza mitaani Bombay, ambaye sura yake na ya Don ni moja. Vijay anafundishwa mwendo, sauti na ukatili wa marehemu, anapelekwa kwenye genge. Malipo anayotaka ni watoto wawili anaowalea, ambao hakuwazaa, wapelekwe shule.

Halafu D'Silva anauawa. Huo ndio ufundi wa Salim na Javed, na sijaona filamu nyingi za miaka ile zilizojengwa kwa ustadi huo. Shahidi pekee amekufa. Kwa polisi, Vijay ni Don aliyekamatwa. Kwa genge, ni msaliti. Kwa Roma, dada mtu ambaye kaka yake aliuawa na Don, ni muuaji wa kulipizwa kisasi. Ushahidi wake umo kwenye daftari jekundu linalopita mkono hadi mkono, na kila linapomkaribia linapotea tena. Mtazamaji ndiye peke yake anayejua ukweli. Ndiyo maana kumbi zilipiga kelele: watu walikuwa wanatoa ushahidi ambao hakuna mtu ndani ya picha aliyeweza kuutoa.

Kuna pia Jasjit, aliyeigizwa na Pran, mchezaji wa kamba wa sarakasi na mvunja sefu, aliyeiba ili amtibu mkewe, akapigwa risasi ya mguu na D'Silva na kufungwa. Watoto anaowalea Vijay ni wake. Namkumbuka kila ninapoitazama filamu hii kwa lile tukio la kuvuka juu kwa juu kutoka jengo hadi jengo na wanawe, mguu ukiwa mbovu, majambazi wakiwa nyuma. Ukiichunguza picha ile leo unauona uchache wa fedha. Lakini unaona pia baba, na hofu yake inakupata.

Ni haki kusema kwamba hata hii ya 1978 haikuzuka patupu. Mwaka 1962 Shakti Samanta aliongoza China Town, ambamo polisi wanampenyeza mtu wa kawaida kwenye genge badala ya jambazi anayefanana naye, Shammi Kapoor akiigiza wote wawili. Salim na Javed waliichukua mbegu hiyo na kuiotesha upya. Nayo Don ikazaa wengine. N. T. Rama Rao aliiigiza kwa Kitelugu katika Yugandhar mwaka 1979, Rajinikanth kwa Kitamil katika Billa mwaka 1980, Mohanlal kwa Kimalayalam katika Shobhraj mwaka 1986. Kwa hiyo anayedai kwamba filamu nzuri haiguswi, historia ya sinema ya India haimuungi mkono.

Aliyeigusa mwaka 2006 alikuwa na haki kuliko wote, angalau kwa damu. Farhan Akhtar ni mtoto wa Javed Akhtar. Don ya kwanza ilipotoka alikuwa na umri wa miaka minne. Kufikia 2006 alikuwa ameshaongoza Dil Chahta Hai na Lakshya, na baba yake ndiye aliyeandika maneno ya nyimbo za Don mpya. Shah Rukh Khan alichukua nafasi ya Amitabh, Priyanka Chopra ya Zeenat Aman, Arjun Rampal ya Pran, Boman Irani akawa DeSilva, na Kareena Kapoor akacheza wimbo ambao katika ile ya 1978 ulichezwa na Helen. Ilitoka Oktoba, msimu wa Diwali.

Filamu ile inapendeza macho, na sitaki kuibania sifa zake. Bombay imeachiwa nafasi ndogo. Mambo mengi yanatokea Kuala Lumpur, kwenye vioo na barabara pana. Shankar, Ehsaan na Loy walitunga muziki unaosimama wenyewe. Mmoja wa nyimbo zao, Aaj Ki Raat, ulitumika baadaye katika Slumdog Millionaire. Shah Rukh hakujaribu kumuiga Amitabh, na hiyo ilikuwa busara. Don wa Amitabh alikuwa mkavu, hasemi neno la ziada. Huyu wa pili ni mtu anayejipenda, anatabasamu kabla ya kuua.

Lakini linganisha vitu vidogo. Daftari jekundu limegeuka kuwa diski ya kompyuta, na mtazamaji anaishika habari yake kwa akili tu, si kwa mapigo ya moyo. Jasjit si mwanasarakasi tena. Ni mtaalamu wa kompyuta, mwenye mtoto mmoja badala ya wawili, na uvukaji wake umehamishiwa kwenye minara ya Petronas. Ni juu zaidi, umepigwa picha vizuri zaidi, na mimi uliniacha nimetulia kitini. Mchezaji wa kamba anapovuka kwa mguu mbovu, anatumia kitu pekee alichobakiwa nacho maishani. Mtaalamu wa kompyuta anapovuka, anafanya hivyo kwa sababu filamu ya kwanza ilikuwa na tukio hilo. Kwa karibu saa mbili na nusu Don mpya inaburutwa hivi na ya zamani: tukio hili lazima liwepo, wimbo huu lazima urudi.

Kisha dakika za mwisho zinapindua kila kitu. Asiyeiona asamehe, maana siwezi kulinganisha bila kusema. DeSilva ndiye Vardhaan, mkuu wa genge, muda wote. Na yule tuliyekuwa tukimwombea kwa saa nzima, tukidhani ni Vijay, ni Don mwenyewe. Hospitalini alijibadilisha na Vijay. Aliyekufa ni yule masikini. Jambazi amewatumia polisi kuwamaliza wapinzani wake, sasa yuko uwanja wa ndege anaondoka.

Kwa sisi tuliokulia kwenye picha za Kihindi, tukijua kwamba steringi hafi na adui halali na ushindi, lilikuwa pigo. Wapo waliolisifu na wapo waliotoka wamenuna. Mimi naliona kuwa tendo la ujasiri, na la pekee katika filamu nzima linaloifanya iwe kazi ya Farhan Akhtar badala ya kazi ya baba yake iliyopakwa rangi. Tena limetumia mapenzi yetu kwa ile ya kwanza kama mtego: tulidanganyika kwa sababu tuliijua hadithi. Asiyewahi kuiona ya 1978 hapati hata nusu ya mshtuko huo.

Hata hivyo nasimama upande wa 1978, na sababu yangu si mazoea ya utotoni. Filamu ya kwanza iliuliza kama mtu mwema anaweza kuvaa nguo za muovu, akaitwa kwa jina lake, akapigwa kwa makosa yake, na bado akabaki mwema bila mtu hata mmoja wa kumshuhudia. Ikajibu kwamba anaweza. Ya pili haikujibu vingine, ililifuta swali. Vijay aliuawa nje ya macho yetu, na mapenzi ya Roma, shukrani za Jasjit, machozi ya mtoto, vyote vikawa vimetolewa kwa mtu asiyekuwepo. Ndiyo maana Don 2, iliyotoka Desemba 2011 na kuchezwa kwa sehemu kubwa Berlin, ni filamu ya wizi wa benki tu, nzuri kwa jioni moja. Hapakuwa na Vijay wa kurudi.

Mwaka mmoja baada ya Don ya Farhan, mwongozaji Vishnuvardhan alirudi kwenye Billa ya Kitamil na kuitengeneza upya, Ajith Kumar akiwa steringi. Naye alikwenda Malaysia, naye alivalisha watu wake suti nyeusi na miwani, naye alikata maneno hadi filamu ikabaki na ukimya mrefu. Yote aliyobadilisha Farhan kwa nje, yeye aliyabadilisha. Ila jambazi alimwacha afe mapema kama alivyokufa 1978, na masikini aliyechukua nafasi yake akaachwa afike mwisho akiwa hai, jina lake limesafishwa. Filamu ile ilipendwa sana kule kusini mwa India, na watu waliingia ukumbini wakijua vizuri kabisa nani atashinda.