Pazi wa Uzaramo na Cheo cha Sultani

Sofu na maeneo mengine yaliyo kati ya Kibaha na Kisarawe yamo katika nchi ya asili ya Wazaramo, ambako mkuu wa eneo aliitwa pazi, cheo ambacho wageni wa karne ya 19 walikilinganisha kwa haraka mno na usultani.

Sultani ni neno la Kiarabu ambalo awali halikumtaja mtu bali nguvu yenyewe, yaani mamlaka au hoja isiyopingika, na kwa maana hiyo limo katika Kurani; ilipofika karne ya 11, Waseljuki walilifanya cheo cha mwenye jeshi na hazina, huku khalifa akibaki na heshima ya dini. Hata Unguja cheo hicho kilichelewa kuzoeleka, kwa kuwa Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, aliitwa Seyyid, na Sultan lilikuwa jina la baba yake tu.

Pazi hakuwa mnyonge. Masimulizi humkumbuka Pazi Kilama, aliyewasaidia Washomvi wa Mzizima kuwafukuza Wakamba na kupata kwa ushindi huo haki ya kudai ada pwani, na Richard Burton, aliyepita Uzaramo mwaka 1857, aliandika kwamba pazi aliweza kuwauza watumwani watu waliotiwa hatiani kwa uzinzi au uchawi. Hata hivyo mamlaka hayo yaliishia kwenye mipaka ya eneo lake, aliamua mambo pamoja na wazee wake, na hapakuwa na pazi mmoja wa Uzaramo yote. Utawala wa Unguja nao haukufika mbali bara: Mfaransa Maizan alipouawa mwaka 1845 kwa amri ya Pazi Mazungera, Seyyid Said hakuweza kumkamata mkuu huyo, na aliyeishia minyororoni Unguja ni mpiga ngoma wake.

Wajerumani walilihitaji neno sultani kwa sababu za kisheria zaidi kuliko za lugha. Mkataba wa Carl Peters wa Novemba 1884 ulimwandika Mangungu wa Msowero, Usagara, kuwa sultani, kwani ni mwenye mamlaka kamili tu anayeweza kuitoa nchi kwa alama ya kalamu. Cheo, kwa hiyo, kilitungwa ili sahihi ipate thamani. Baadaye mkoloni aliwaweka maakida na majumbe juu ya wenyeji, na mwaka 1963 sheria ya Tanganyika ikafuta utawala wa machifu. Pazi limebaki jina la watu na koo katika Mkoa wa Pwani na Dar es Salaam.