Redio Iliyotengenezwa Isisikike

Wasee, kuna watu hulipa doo kununua redio nzee za meli za enzi za vita. Mimi pia nilidhani ni wazimu, hadi nikajua story yake.

Kitu wengi hatujui ni kwamba redio ya kawaida haipokei tu. Ndani yake kuna sehemu inayotengeneza mawimbi yake yenyewe ili ishike stesheni, na mengine huvuja kupitia antena. Kwa nyumba si noma. Lakini kwa Atlantiki wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, nyambizi za Ujerumani zilikuwa zinawinda meli za mizigo. Baharia akijifungulia muziki usiku, hofu ilikuwa adui atafuata hayo mawimbi hadi kwa meli. Marekani ikapiga marufuku redio binafsi za mabaharia.

Sasa imagini wiki nzima baharini bila ngoma, bila habari za nyumbani. Hapo ndipo E. H. Scott wa Chicago aliingia. Kabla ya vita alikuwa anauzia matajiri redio za kifahari zinazong'aa kromu. Sasa akatengeneza SLR, redio iliyofungwa na kuchujwa vizuri hadi mawimbi yanayovuja yakawa kidogo sana. Mabaharia wakapata burudani bila kujianika.

Na usiseme nyambizi zilikuwa shida ya wazungu pekee. Tarehe 12 Februari 1944, nyambizi ya Japani ilizamisha Khedive Ismail, meli iliyotoka Mombasa. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, wakiwemo mamia ya wanajeshi wa Afrika Mashariki. Sisemi redio ndiyo iliwaponza. Nasema hiyo hofu haikuwa ya bure.

Ndio maana mimi hukasirika nikiona mtu amepaka redio kama hii rangi mpya, akaitoboa aweke spika za bluetooth. Hapo umefuta kile kitu mnunuzi anatafuta: kibati chenye jina na namba, vifungo vyake vya kwanza, kasha ambalo halijakatwa. Mikwaruzo ni sawa, iache. Na usiichomeke tu kwa soketi. Umeme wa Marekani ni karibu volti 120, wetu ni 240, na kapasita za ndani zimezeeka. Utaiunguza.

Kwenu kuna redio ya babu juu ya kabati? Kabla mtu wa skrapu aje na mizani, igeuze usome nyuma.