Uso wa marehemu na kijani cha chai: namna ya kuchapa picha zenye rangi ya kweli

Sisi watu wa Pwani twaijua Kericho kwa kikombe. Chai ya huko hushuka hadi Mombasa, na mnada wake uko kwetu tangu mwaka 1969, ulipohamishwa kutoka Nairobi. Mie nimeijua Kericho kwa njia nyengine. Nimekaa huko miaka kadhaa nikipiga na kuchapa picha: za harusi, za mahafali, za vyeti na za mazishi. Wateja wangu hutoka mjini, wengine hupanda matatu kutoka Litein, Sotik na Bomet.

Siku moja alikuja mama mmoja kutoka upande wa Bomet. Mumewe alikuwa amefariki, na mazishi yalikuwa Ijumaa. Picha ya pekee aliyokuwa nayo ilipigwa kwa simu, mzee amesimama katikati ya michai, kikapu mgongoni. Alitaka ichapwe kubwa, iwekwe mbele ya jeneza, kisha ibaki ukutani kwa ajili ya wajukuu. Niliichapa kwa haraka. Aliitazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, huyu si baba watoto. Huyu ni mgonjwa."

Alikuwa na haki. Kidevu na mashavu yalikuwa ya kijani kama maji ya bwawa. Kwenye kompyuta yangu sikuona kitu. Kosa lilikuwa langu, na nimelisoma kwa gharama. Haya hapa niliyojifunza, ili anayechapa picha Mombasa, Lamu au Malindi asiyapitie tena.

Kwa nini rangi hupotea njiani

Picha moja hupita mikono mitatu: kamera, skrini na printa. Kila kimoja kina namna yake ya kuelewa rangi. Kamera na skrini hufanya kazi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu. Printa hufanya kazi kwa wino, aghalabu samawati, waridi iliyokolea, manjano na nyeusi. Kwa hiyo namba ileile inayosema "kijani" huweza kutoa kijani tofauti kwenye kila chombo.

Wenzetu wa chai walikutana na tatizo kama hili. Mwonjaji wa Mombasa na mnunuzi wa London watakubaliana vipi kuhusu rangi ya chai, ikiwa kila mmoja apika kwa kipimo chake? Ndipo pakawa na kanuni ya kimataifa, ISO 3103, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1980: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji, dakika 6, ndani ya chombo cheupe cha kauri. Kanuni hiyo haifanyi chai kuwa nzuri. Huwawezesha watu wawili walio mbali kuzungumzia kitu kimoja.

Katika picha, kazi hiyo hufanywa na faili dogo liitwalo profaili. Mwaka 1993 kampuni nane, zikiwamo Adobe, Apple, Kodak na Microsoft, ziliunda jumuiya ya ICC kuweka kanuni za profaili hizo. Profaili ya skrini hueleza skrini hiyo huonyesha rangi vipi. Profaili ya printa hueleza wino fulani juu ya karatasi fulani hutoa rangi gani. Programu inayojua kuzisoma hukaa katikati kama mkalimani. Isiyojua hukisia tu.

Kwanza, mwanga wa shambani

Kericho iko juu, kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mvua ya mchana ni jambo la kawaida. Chini ya mawingu mwanga huwa na ubuluu. Kisha michai yenyewe, iliyokatwa sawasawa kama zulia, huurudisha mwanga juu ukiwa wa kijani. Mtu akisimama katikati yake, paji la uso hupata mwanga wa mawingu, na kidevu hupata mwanga wa majani. Jicho letu husamehe tofauti hiyo, lakini kamera haisamehi.

Dawa ya kwanza ni ya bure: mwambie mtu asogee kwenye njia ya udongo, au aweke kanga nyeupe au karatasi nyeupe kifuani, chini kidogo ya fremu, ili mwanga safi uinuke usoni. Piga pia picha moja akiwa ameshika karatasi nyeupe au kadi ya kijivu. Baadaye, ndani ya programu, utabofya pale penye weupe, na programu itajua rangi ya mwanga wa siku ile.

Kama picha imeshapigwa, kama ya yule mzee, usivute rangi ya picha nzima. Nilifanya hivyo mara ya kwanza na michai ikageuka kahawia kama iliyopigwa na jalidi. Chagua sehemu ya chini ya uso peke yake, punguza kijani kuelekea waridi kidogokidogo, na ulainishe mpaka wa sehemu uliyochagua.

Juu ya ngozi zetu kuna jambo la zamani la kukumbuka. Kwa miaka mingi maabara za filamu zilirekebisha rangi kwa kutazama kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke Mzungu, iliyojulikana kwa jina la Shirley. Nyuso nyeusi zilitoka giza, macho na meno tu yakionekana. Hadi leo kitufe cha "rekebisha yenyewe" huweza kumpausha mtu mweusi au kumfanya mwekundu. Usikiamini. Muulize anayemjua mtu huyo alikuwa na rangi gani.

Pili, skrini

Skrini nyingi hutoka dukani zikiwa na mwangaza mkali na ubuluu mwingi, na kwa sababu hiyo picha huonekana nzuri kwenye kompyuta ikatoka nyeusi kwenye karatasi. Punguza mwangaza mpaka karatasi nyeupe iliyo kando ya skrini ilingane na ukurasa mtupu ulio kwenye skrini. Huo ni mwanzo tu. Kipimo hasa hufanywa kwa kifaa kidogo kinachowekwa juu ya kioo, kama Spyder ya Datacolor, na programu ya bure iitwayo DisplayCAL yaweza kufanya kazi na vifaa vingi vya aina hiyo. Mafundi wanne au watano wakichangia kifaa kimoja, gharama haimuumizi mtu.

Tatu, programu zipi

Kwa kurekebisha picha, Photoshop ndiyo maarufu. Iliingia sokoni mwaka 1990, kazi ya ndugu wawili, Thomas na John Knoll, na leo hulipiwa kwa mwezi au mwaka. Asiye na uwezo huo ana GIMP, ambayo imekuwa bure tangu mwaka 1996. Wanaopiga kwa faili ghafi la kamera wana RawTherapee na darktable, nazo ni za bure. Zote hizi huzisoma profaili.

Kwa kupanga na kuchapa kuna programu za kazi hiyo hasa. Qimage ya Mike Chaney, iliyoanzia kwenye Windows, hupanga picha za ukubwa mbalimbali juu ya karatasi moja, hukuza picha ndogo kwa uangalifu, na hutumia profaili ya printa bila kukusumbua. Canon na Epson nao hutoa programu zao za kupanga kwa printa zao za kitaalamu, bila malipo ya ziada.

Usidharau kupanga. Karatasi ya A4 ni sentimita 21 kwa 29.7. Picha nne za sentimita 10 kwa 15 hazienei humo, kwa sababu 15 mara mbili ni 30. Programu isiyo makini itakata kichwa cha mtu au itazipunguza bila kukwambia. Lakini picha za sentimita 3.5 kwa 4.5 zaenea 30, tano kwa upana na sita kwa urefu, na nafasi ya mkasi ikabaki. Kwa fundi wa picha za vyeti, hesabu hiyo ndiyo faida yake ya siku.

Nne, ukubwa wa faili

Printa nzuri hutaka kama nukta 300 kwa kila inchi. A4 kamili hivyo ni pikseli 2,480 kwa 3,508. Simu ya megapikseli 12 hutoa 3,000 kwa 4,000, basi yatosha na kubaki.

Tatizo ni njia ambayo picha imepitia. Ile ya marehemu ilinifikia kwa WhatsApp ikiwa na pikseli 1,600 upande mrefu. Kwenye A4 hizo ni nukta 137 tu kwa inchi. Programu yaweza kukuza picha hiyo ikawa laini, lakini haiwezi kurudisha makunyanzi yaliyotupwa njiani. Nilimwomba mama ampigie mwanawe aliyepiga picha, akaituma tena kama hati, si kama picha. Ilikuja nzima. Kwenye ile nzima niliona kovu dogo juu ya nyusi, ambalo kwanza halikuwapo.

Tano, wakati wa kuchapa

Hapa ndipo nilipoanguka mara ya pili. Nilikuwa nimeshaondoa kijani usoni, skrini iko sawa, picha ni nzima. Nikachapa, mzee akatoka mwekundu kama tofali. Sababu: programu ilikuwa imegeuza rangi kwa profaili ya printa, na printa nayo, kwa mipangilio yake yenyewe, ikageuza tena. Wakalimani wawili walikuwa wakitafsiri maneno yaleyale.

Kanuni ni moja: msimamizi wa rangi awe mmoja tu. Ukiiachia programu kazi hiyo, nenda kwenye mipangilio ya printa uzime usimamizi wake wa rangi. Kisha hakikisha mambo haya:

1. Aina ya karatasi uliyochagua kwenye printa ndiyo iliyomo kwenye trei.
2. Profaili ni ya printa hiyo, wino huo na karatasi hiyo. Ukibadilisha wino kwa ule wa bei rahisi, profaili ya kiwandani haina maana tena.
3. Picha inayokwenda kwenye maabara au kwa mtu mwengine iwe ya sRGB, kipimo kilichopendekezwa mwaka 1996 na ambacho karibu kila chombo chakijua. Adobe RGB ya mwaka 1998 hubeba kijani kingi zaidi, na mashamba ya chai hupendeza humo, lakini ikifika kwa asiyeielewa hupauka.
4. Chapa kwanza kipande kidogo cha uso kwenye karatasi ileile.

Kwa majaribio ninayo picha yangu moja: mkono wa mchumaji, majani mabichi mawili na chipukizi, na kando yake tawi la chai ya zambarau, aina ya TRFK 306 iliyotoka kwa watafiti wa Kericho. Ngozi, kijani na zambarau zikitoka sawa pamoja, nyingine zote zitatoka.

Sita, karatasi na mahali pa kutazamia

Acha wino ukauke, ikiwezekana usiku mzima, kabla ya kuhukumu rangi au kuweka kioo. Tazama karibu na dirisha mchana, si chini ya taa ya dukani yenye ubuluu au kijani. Kanuni za wachapaji hutumia mwanga wa kelvini 5,000, unaokaribia mwanga wa mchana.

Kwetu Pwani unyevu ni adui wa karatasi. Ifunge ndani ya mfuko wake, mbali na sakafu na ukuta. Na kwa picha ya kukaa ukutani miaka mingi, wino wa chembe hudumu kuliko ule wa maji ya rangi tupu, hasa mahali panapoingia jua.

Siku ya Alhamisi

Yule mama alirudi Alhamisi jioni, mvua ikinyesha. Nilikuwa na picha ya tatu. Sikumwonyesha chini ya taa. Nilimpeleka dirishani kabla giza halijaingia. Aligusa lile kovu kwa kidole, akaniambia alilipata kwa tawi la mkalitusi kabla ya mtoto wao wa kwanza kuzaliwa. Kisha akaomba nimfungie kwa nailoni isilowe. Sikumtoza zile mbili za mwanzo.

Basi, ndugu zangu, mkipeleka picha ya mzazi au ya arusi kuchapwa, muulizeni fundi maneno matatu: skrini yako umeipima lini, wino na karatasi hii profaili yake unayo, na je, utanichapia kipande kidogo cha uso kwanza? Akikasirika, tafuteni mwengine. Na lile faili la asili, msilifute kwenye simu.