Wasomi wa Bungoma walivyopinga machifu wa mkoloni

Wazee wengi waliohamia Naitiri, kwenye mashamba yaliyoachwa na walowezi wa Kizungu baada ya Uhuru, walitoka katika jamii iliyotawaliwa kwa miongo kadhaa na machifu ambao haikuwachagua.

Kabla ya ukoloni, Wabukusu hawakuwa na mfalme. Koo ziliongozwa na wazee, na aliyesikizwa zaidi miongoni mwao aliitwa omukasa.

Hali ilibadilika walipovunjwa nguvu na Waingereza kwenye vita vya Chetambe, 1895. Mumia wa Wanga, aliyeshirikiana na wageni hao, alitangazwa chifu mkuu mwaka 1909. Jamaa zake walitumwa kutawala majirani, akiwemo ndugu yake Murunga aliyekabidhiwa upande wa Kimilili.

Serikali iliuita utawala huo wa kimila. Kwa raia, chifu alikuwa mtoza kodi ya kibanda na msaka vibarua.

Waliofichua kasoro hiyo kwa kalamu ni vijana waliosomeshwa na misheni. Desemba 1921, waliopitia shule ya Maseno walianzisha chama cha Young Kavirondo Association huko Lundha, Gem, kulalamikia kodi, kipande na kazi za kushurutishwa.

Baada ya dhahabu kugunduliwa Kakamega, wasomi wa Kavirondo Kaskazini nao waliunda North Kavirondo Central Association. Hawakutaka uchifu ufutwe. Walidai chifu mkuu anayekubalika kwa wananchi, atakayelinda ardhi yao.

Miongoni mwa Wabukusu, Kitosh Education Society iliundwa mwaka 1936, ikafuatwa na Bukusu Union mwaka 1940. Pascal Nabwana alikuwa miongoni mwa vinara wao. Kwao, shule ndiyo iliyokuwa silaha ya kujikomboa.

Hata hivyo, Wawanga walipoondolewa na Wabukusu kupewa uchifu, manung'uniko hayakwisha. Chifu mzawa naye aliwajibika kwa mkuu wa wilaya, si kwa raia. Wengine walimfuata Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa, na Februari 1948 polisi waliua waumini 11 kwa risasi huko Malakisi.

Swali la wasomi hao lingalipo. Tangu mwaka 2013 wakazi wa Bungoma humchagua gavana wao kwa kura, lakini chifu bado huajiriwa na serikali kuu.