Rubani Anasikiza Ngoma Gani Huko Juu?

Ukiishi Lang'ata, South C ama Kibra, ndege ndogo za Wilson ni kama majirani tu. Zinapita asubuhi ukipiga mswaki, zinapita jioni ukikata sukuma, na hakuna mtu huinua kichwa tena. Lakini ingia kwa simu yako. Utapata video za marubani vijana wamevaa hedifoni, ngoma kali inacheza, mawingu chini, mkono mmoja kwa usukani. Halafu shuka kwa maoni uone vita. Huyu anasema "huyo atamaliza watu," yule anajibu "si hata dereva wa matatu huskiza muziki, shida iko wapi?"

Mimi msimamo wangu ni kwamba pande zote mbili hazijui historia. Tunaongea ni kama muziki kwa ndege ni kitu kililetwa na kizazi chetu na simu zetu. Kumbe muziki umewahi kuwa ramani ya marubani. Umewahi kuleta mabomu. Na kurekodi sauti ndani ya ndege hakukuanzishwa na watu wa kutafuta kiki, kulianzishwa na mtu aliyempoteza babake akiwa mtoto. Nipe dakika chache nikupeleke pole pole.

Kwanza kulikuwa na kelele tu

Mwaka wa 1927, Charles Lindbergh alitoka New York akaenda Paris peke yake, saa 33 na nusu hewani, bila redio. Aliiacha makusudi, kwa sababu kila kilo ilihesabiwa na yeye alitaka petroli. Hebu fikiria hiyo. Zaidi ya siku nzima, usingizi unakuvuta, na kitu pekee unachosikia ni injini moja inanguruma mbele yako.

Huku kwetu kuna Beryl Markham, aliyelelewa Njoro. Septemba 1936 alipaa kutoka Abingdon, Uingereza, na ndege ndogo aina ya Vega Gull, akawa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi. Saa 21 na ushee, na yeye pia hakuwa na redio. Injini ilikosa mafuta akaangukia kwenye kinamasi huko Nova Scotia, Kanada, lakini akatoka mzima. Kwa watu kama hao, ngoma ilikuwa moja tu: mlio wa injini. Ukibadilika hata kidogo, unaamka.

Na usidhani hawakupenda muziki. Denys Finch Hatton, yule wa stori ya Karen Blixen, ndiye alimletea Blixen gramafoni kwa shamba lake chini ya vilima vya Ngong. Baadaye akanunua ndege ndogo ya Gipsy Moth, ile ya viti viwili na kichwa nje kwa upepo. Gramafoni ilibaki chini na ndege ikaenda juu, hizo mbili hazingekutana. Sindano ingeruka kwa santuri, na hata isiporuka, nani angesikia? Kuongea tu na mwenzako kwa ndege za aina hiyo kulihitaji mpira kama wa daktari, huku unapayuka, kule anaweka sikioni. Finch Hatton alikufa Mei 1931 ndege yake ilipoanguka Voi.

Muziki ukageuka ramani

Sasa hapa ndipo mambo huwa matamu. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, Marekani waliweka mitambo ya redio chini ili rubani afuate njia kwa masikio. Upande mmoja wa njia ulisikia herufi A ya Morse: nukta, mstari. Upande wa pili ulisikia N: mstari, nukta. Ukiwa katikati kabisa, zile sauti mbili zinajazana na unasikia mlio mmoja usiokatika. Yaani ukisikia mlio umenyooka, na wewe umenyooka. Mtu alikaa masaa na huo mlio kichwani, gizani, ndani ya mawingu. Huko ndiko kuvaa hedifoni kwa maana.

Halafu kukaja kifaa cha kutafuta upande redio inakotoka. Kama kwenu kuna ile redio ya zamani ya AM, hii unaweza kujaribu leo. Washa stesheni, kisha geuza redio nzima pole pole kama unazungusha sahani. Utasikia sauti inapanda na kushuka, kwa sababu antena ya ndani inajali upande wa mnara. Kwa ndege, kifaa hicho kilikuwa na mshale unaoonyesha stesheni iko wapi. Na hakikubagua. Ukiweka masafa ya mtambo wa ndege, sawa. Ukiweka stesheni ya kawaida ya muziki ya mjini, pia sawa, mshale unageuka huko. Rubani angeskiza muziki ama mpira na wakati huo huo muziki unamwambia nyumbani ni wapi.

Tamu, siyo? Basi skiza upande wa pili.

Huko Honolulu, Hawaii, kulikuwa na stesheni inaitwa KGMB. Kawaida ilizimwa usiku. Lakini ndege za jeshi la Marekani zikiwa njiani kutoka California, iliachwa ikipiga muziki usiku kucha ili marubani waifuate. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Desemba 1941 iliachwa wazi, kwa sababu kikosi cha ndege za B-17 kilikuwa kinakuja. Shida ni kwamba redio haijui nani anaisikiza. Mitsuo Fuchida, kiongozi wa wimbi la kwanza la ndege 183 za Japani, aliipata stesheni hiyo hiyo akaifuata mpaka Pearl Harbor.

Na kuna kitu kinauma zaidi. Luteni Kermit Tyler alikuwa akiendesha gari kwenda kazini usiku huo, akasikia muziki kwa redio, akajua maana yake: ndege zetu zinakuja. Asubuhi, baada ya saa moja, wanajeshi wa rada walipiga simu wakasema wanaona kundi kubwa la ndege. Yeye akawaambia wasijali. Chini ya saa moja baadaye mabomu yakaanza. Wamarekani zaidi ya 2,400 walikufa siku hiyo.

Hapo muziki haukumfanya Tyler akose kusikia. Ulimfanya aamini tayari anajua. Hiyo ndiyo hatari ninayotaka uikumbuke, kwa sababu ni tofauti na ile watu wanapigania kwa maoni.

Kunyamazisha kelele

Mwaka wa 1978, Amar Bose, yule wa spika, alikuwa kwa ndege kutoka Zurich kwenda Boston. Wakampa hedifoni za kuskiza muziki, kelele ya ndege ikamharibia raha. Akaanza kupiga hesabu hapo hapo kwenye kiti: je, maikrofoni ndogo ikisikia kelele, kisha spika itoe sauti iliyo kinyume chake, si zitafutana? Desemba 1986, Dick Rutan na Jeana Yeager walizunguka dunia nzima kwa siku 9 bila kutua wala kuongeza mafuta, kwa ndege inaitwa Voyager, na walikuwa na hedifoni za majaribio za Bose. Kelele ya siku 9 kwa kibanda kidogo hivyo ingewaharibu masikio. Zile unavaa kwa matatu ukijifanya hausikii makanga akiomba nauli zimetoka kwa hiyo familia.

Kwa hivyo muziki na injini wakakutana mwishowe. Lakini angalia walivyoutengeneza: hedifoni nyingi za kisasa za marubani hushusha ama hukata muziki zenyewe mnara ukiongea. Ngoma inaruhusiwa kuwa hapo bora ijue kunyamaza. Mimi naona hiyo ni adabu nzuri kuliko marufuku.

Na kuna wakati hata mazungumzo lazima yanyamaze. Septemba 1974, ndege ya abiria ya Eastern ilianguka ikikaribia kutua Charlotte, Marekani, kwenye ukungu. Watu 72 walikufa. Marubani walikuwa wakipiga stori za siasa na magari wakati walifaa kuangalia urefu wao kutoka ardhini. Mwaka wa 1981 sheria ikatoka: ndege za abiria zikiwa chini ya futi 10,000, hakuna stori zisizo za kazi. Sasa jiulize, tulijuaje walikuwa wanaongea siasa? Kwa sababu kuna kitu kilikuwa kinarekodi.

Kijana aliyeachiwa redio

Mwaka wa 1934 ndege inaitwa Miss Hobart ilipotea kwenye mlangobahari wa Bass, Australia. Ndani alikuwemo baba wa mtoto wa miaka 9, David Warren. Zawadi ya mwisho aliyopewa na babake ilikuwa seti ya redio ya kujitengenezea. Hakuna aliyewahi kujua ndege ilipatwa na nini. Mtoto akabaki na redio na swali.

Akakua akawa mwanasayansi wa mafuta ya ndege huko Melbourne. Miaka ya 1950 mwanzoni, ndege mpya za Comet zikaanza kuvunjika hewani, na Warren akawa kwa timu ya kutafuta sababu. Wakati huo alikuwa ameona kwa maonyesho kinasa sauti kidogo cha mfukoni, cha kurekodi kwa waya wa chuma. Akawaza: kama abiria mmoja angekuwa na hiki kitu kimewashwa, na sisi tukipate kwa mabaki, tungesikia kilichotokea. Sasa kwa nini kisiwe ndani ya kila ndege?

Katikati ya miaka hiyo akatengeneza chake, cha kubeba mazungumzo ya muda wa saa nne pamoja na namba za vifaa vya rubani. Unafikiri walimpigia makofi? Zii. Wakubwa wa nyumbani hawakujali, na chama cha marubani kilikataa kabisa, kwamba hawawezi kufanya kazi wakiskizwa na mkubwa. Ilibidi mgeni kutoka Uingereza akione mwaka wa 1958 ndipo kikapata maisha. Juni 1960 ndege ya Fokker ikaanguka Mackay, Queensland, watu 29 wakafa, na jaji aliyechunguza akapendekeza vinasa sauti viwekwe. Leo tunakiita kisanduku cheusi, ingawa rangi yake ni ya chungwa. Warren alikufa 2010, na jeneza lake liliandikwa kwa utani kwamba mvumbuzi wa kinasa yuko ndani, msifungue.

Sasa sisi

Hapa ndipo naingiza maoni yangu. Kanuni za dunia za visanduku hivi hupangwa kwa uzito, na mpaka mkubwa ni kilo 5,700. Ndege ya Caravan, ile inayobeba watu kwenda Mara, Lamu na Lodwar, hupaa na tani 4 hivi. Kwa hivyo ndege tunazoziona kila siku Wilson ziko upande ule ambao mara nyingi haulazimishwi kubeba kinasa. Simu yako unayorekodia vitoweo kwa mkahawa ina nguvu ya kunasa sauti kuliko waya wa Warren mara mia, lakini safari nzima ya ndege ndogo inaweza kuisha bila sauti hata moja kubaki. Familia inabaki kama yule mtoto wa 1934.

Na wale wanaorekodi wanarekodi nini? Novemba 2021, Trevor Jacob, mwanamichezo wa Olimpiki aliyegeuka kuwa mtu wa video, aliruka na parachuti kutoka kwa ndege yake ndogo huko California, kamera zikiwa zimefungwa kila mahali, akaiacha ianguke mlimani. Alisema injini ilizima. Uchunguzi ulipoanza, aliondoa mabaki na kuyaharibu. Leseni ikaenda, na Desemba 2023 akafungwa miezi 6. Warren alirekodi ili tujue ukweli mtu akiwa hawezi tena kuongea. Jacob alirekodi, kisha akaficha ushahidi.

Najua wengine mtasema marubani wana haki ya kuwa na siri. Kweli, na ndiyo maana rekodi za uchunguzi zinalindwa zisitupwe ovyo kwa umma. Hiyo ni sababu ya kuzilinda, si sababu ya kutokuwa nazo. Vinasa vidogo vyepesi viko sokoni tayari. Mimi nataka kampuni inayouza tiketi ya ndege ndogo iniambie, kabla nilipe, kama ndani kuna kinasa ama hakuna. Basi la Mombasa tunauliliza mkanda wa kiti, hii je?

Na wewe rubani kijana unayetuwekea video, endelea, tunazipenda. Ngoma weka baadaye ukihariri. Huko juu acha kitufe cha kurekodi kiwe wazi kutoka injini inapowaka mpaka inapozimwa, mnara usikike, injini isikike, na faili ghafi usiifute. Hiyo ndiyo Warren alikuwa anaomba miaka yote.

Niambieni kwa maoni: kuna mtu wa Wilson hapa? Ndege yenu ina kinasa?