Kutoka Kiwandani hadi Darasani: Historia ya Msimbo wa QR na Funzo Lake kwa Ufundishaji wa Kiswahili Nchini Rwanda

Utangulizi

Kanombe, sekta ya Wilaya ya Kicukiro jijini Kigali, hujulikana zaidi kwa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kigali. Kwa wasafiri wa uwanja huo, msimbo unaosomwa kwa kamera ni jambo la kawaida, kwani IATA iliweka mwaka 2010 kuwa ukomo wa kuhamia kwenye pasi za kupandia ndege zenye misimbo. Katika madarasa ya jirani, ambako Kiswahili kinafundishwa, suala la msimbo huo lina sura nyingine. Makala hii inafuatilia historia ya msimbo wa QR na kudai kuwa thamani yake ya kielimu hutokana na kile kilichowekwa nyuma yake, na mamlaka inayokimiliki.

Asili ya msimbo

Msimbopau ulisomwa dukani kwa mara ya kwanza tarehe 26 Juni 1974, huko Troy, Ohio, juu ya pakiti ya ubani wa kutafuna. Pau hizo zilibeba tarakimu chache tu. Viwanda vya magari vya Japani vilihitaji taarifa nyingi zaidi kwa kila kipuri, na mwaka 1994 Masahiro Hara na wenzake katika kampuni ya Denso walibuni msimbo wa miraba. Msimbo mmoja waweza kubeba hadi tarakimu 7,089, na kwa kiwango cha juu cha urekebishaji husomeka hata takriban asilimia 30 ya taarifa zake zikiharibika. Sifa hii iliyokusudiwa kukabili mafuta ya kiwandani inafaa pia kitabu kinachopita mikononi mwa wanafunzi wengi. Zaidi ya hayo, kampuni ilihifadhi hataza yake bila kudai malipo kwa matumizi ya kawaida. Uamuzi huo uliuwezesha msimbo kuvuka mipaka ya kiwanda.

Kuingia darasani

Mfano mashuhuri wa matumizi ya kielimu unatoka katika jimbo la Maharashtra, India. Mwalimu Ranjitsinh Disale, katika kijiji cha Paritewadi, alikuta vitabu vya kiada haviko katika Kikannada, lugha ya wanafunzi wake. Alijifunza lugha hiyo, akaandika upya vitabu, kisha akaweka misimbo iliyowapeleka wanafunzi kwenye mashairi ya kusikilizwa, hadithi na video. Mwaka 2020 alitunukiwa Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani. Mfuatano wa kazi yake ndio wa kuzingatiwa: lugha ilitangulia, maudhui yakafuata, msimbo ukaja mwisho.

Hali ya Rwanda

Nchini Rwanda, mwaka 2008 ulishuhudia mambo mawili kwa pamoja: kuanza kwa mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto, uliokuja kusambaza zaidi ya kompyuta 200,000, na uamuzi wa kukifanya Kiingereza lugha ya kufundishia. Walimu walitakiwa kuzoea kifaa kipya na lugha mpya kwa wakati mmoja. Mwezi Februari 2017 Bunge lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne, na mahitaji ya zana za kukifundishia yakaongezeka.

Hapa pana tatizo mahususi la kiisimu. Kinyarwanda hakitofautishi maana kwa sauti /l/ na /r/. Mwanafunzi anayekua katika lugha hiyo hukabiliwa na jozi kama *kula* na *kura*, au *mahali* na *mahari*, na kitabu kilichochapishwa hakiwezi kumsikilizisha tofauti hiyo. Katika Biryogo na Nyamirambo, mitaa ya Kigali yenye mapokeo marefu ya Kiswahili, masikio ya mtoto hupata msaada wa mtaani. Mwanafunzi wa Kanombe ambaye hana mazingira hayo humtegemea mwalimu, na mwalimu huyo mara nyingi naye ni mzawa wa Kinyarwanda. Msimbo ulioungwa na rekodi ya mzungumzaji wa Unguja au Mombasa ungeziba pengo hilo, hata kwa simu moja ya mwalimu na kipaza sauti.

Hata hivyo, msimbo wenyewe haubebi sauti. Uwezo wake wa juu ni baiti 2,953. Kwa kuwa tahajia ya Kiswahili haina alama za juu ya herufi, kila herufi huchukua baiti moja, na aya fupi yaweza kusomwa bila intaneti. Rekodi huhitaji anwani. Anwani ikimilikiwa na kampuni ya muda, siku huduma ikifungwa maelfu ya nakala zilizochapishwa hubaki bubu, na msimbo uliokwisha kuchapishwa haurekebishiki.

Hitimisho na mapendekezo

Historia hii inaelekeza sera katika mambo matatu. Kwanza, rekodi za Kiswahili zitayarishwe na kuhakikiwa na wataalamu kabla ya msimbo wowote kuchapishwa. Pili, anwani zote zimilikiwe na Bodi ya Elimu ya Msingi ya Rwanda. Tatu, nakala za rekodi zihifadhiwe shuleni ili somo lisikatizwe na ukosefu wa mtandao. Bila masharti hayo, gharama ya uchapaji itapanda ilhali mwanafunzi akiendelea kusoma *mahali* na kutamka *mahari*.