Roboti, Reli na Gari la Waya

Ukitaja klabu ya roboti ukiwa Mtito Andei, kuna mtu atacheka. Kwa abiria wengi hapa ni pa kunyoosha miguu tu: nusu ya safari kati ya Nairobi na Mombasa, kikombe cha chai, choo, twende. Hata jina lenyewe, kwa Kikamba, ni msitu wa tumbusi. Lakini mimi naona historia ya roboti inapita hapa hapa.

Hebu tuanze na neno. "Roboti" lilitoka kwenye tamthilia ya Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, iliyochapishwa 1920. Kwa lugha yake, robota ni kazi ya shokoa. Miaka hiyo hiyo, serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwafunga wanaume Waafrika wa Kenya kipande shingoni, mwajiri ajue nani katoroka kazi. Čapek aliwaza viumbe vya kutumwa tu. Huku mkoloni alitaka binadamu wa aina hiyo.

Na reli je? Ilianza Mombasa 1896, ikafika Kisumu 1901. Vibarua karibu 32,000 waliletwa kutoka India, na takriban 2,500 walifariki. Simba wa Tsavo wa 1898 ndio wanaosimuliwa sana, lakini maradhi na ajali ndiyo mauti yaliyobeba wengi. Mashine kubwa ilipita Ukambani, na aliyeichora hakuwa mtu wa hapa.

Si kwamba mikono ya kuunda haikuwepo. Wahunzi wa Kikamba walijulikana kwa mikufu yao myembamba ya chuma na shaba kabla ya hiyo reli. Na sisi watoto wa juzi, nani hakuwahi kuunda gari la waya? Tairi za kandambili kuukuu, usukani mrefu unaofika kifuani, ukikata kona na magurudumu yanakata. Maze, hiyo ni uhandisi. Ongeza mota, betri, sensa ya kusoma kilicho mbele na programu ya kuamua, tayari una roboti.

Mwaka 2017 mambo mawili yalikutana. Mei 31, treni ya SGR ilizinduliwa, na Mtito Andei ikapata stesheni mpya. Ile ya kasi hupita tu. Ya kaunti ndiyo husimama. Julai, vijana wa nchi zaidi ya 150, Kenya ikiwemo, walikutana Washington kwa mashindano ya FIRST Global. Kila timu ilipewa vifaa sawa. Kazi ya roboti? Kutenganisha mipira ya buluu na ya rangi ya chungwa: buluu ni maji, chungwa ni uchafu.

Maji! Ati wachezaji wanaiga shida ambayo huku si mchezo. Mtoto wa Mtito Andei anajua uzito wa mtungi wa lita 20 kuliko jaji yeyote. Huo ni ujuzi wa kuanzia kubuni, ila haujawahi kuitwa ujuzi.

Siku hizi maonyesho ya sayansi ya shule za sekondari, yale wazazi wetu waliyaita Science Congress, yana kitengo cha roboti. Mlango upo. Swali ni nani ana nauli ya kuufikia, nani ana kompyuta, na mwalimu gani anabaki na wanafunzi saa kumi jioni. Shule yenye pesa itanunua sanduku la vifaa. Ya hapa itang'oa mota kwenye redio mbovu ya kaseti na swichi kwenye taa ya pikipiki.

Mimi ningeambia klabu kama hiyo ianze na tangi la shule: sensa isome kina, pampu ijizime likijaa, kengele ilie likikaribia kukauka. Kabla ya kombe lolote, kuna shule nzima itakayojua kama kesho kuna maji. Na safari hii, aliyechora mashine atakuwa mtu wa hapa.